Mama Lazaro Hakuwa na Sauti Laini

Tulimzika Mama Lazaro mwezi uliopita, kule juu magharibi ya mlima Meru, kwenye shamba la mwanawe, na nilirudi nyumbani na hasira ambayo mpaka leo haijatulia. Sikasiriki kwa sababu amekufa. Alikuwa mzee, alikuwa ameugua, na alifia kitandani kwake akiwa na watu wake. Kinachonikera ni kilichofanyika baada ya ibada, wakati watu wanapanga mstari wa chakula. Vijana wa muziki walifungulia wimbo wake kwenye spika mbili kubwa, ule wa Hajiri jangwani, na ikatoka sauti nyembamba, tamu kama juisi iliyozidi sukari. Wajukuu waliokaa nyuma yangu wakaambiana, "Sikia bibi alivyokuwa na sauti laini." Mshereheshaji akayarudia hayo hayo kwenye kipaza sauti, sauti laini, sauti ya malaika, halafu akamwita Mzee Shedrack, "mtu aliyeitengeneza sauti hii," aje kutusalimia. Mzee Shedrack haoni vizuri siku hizi. Alishikwa mkono mpaka mbele. Akasema, "Nilipompokea mama huyu alikuwa na sauti ngumu kama ya mwanaume. Nikailainisha." Watu wakapiga makofi. Msibani, mwili umetoka kuingia ardhini, watu wakapiga makofi. Niliweka sahani yangu ya pilau chini, nikaenda kuomba nafasi niseme maneno mawili. Mshereheshaji akaniambia, "Mama, muda umetuishia, tafadhali andika kwenye kitabu cha rambirambi." Basi naandika, ila si kwenye kitabu cha rambirambi.

Mama Lazaro hakuwa na sauti laini. Nalijua hilo kwa sababu mwaka wimbo ule uliporekodiwa mimi ndiye niliyekaa mbele ya mashine iliyomfanyia vile. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, nimesomea redio na televisheni, msichana pekee darasani, na Bwana Shedrack akaniajiri kwenye studio yake Sakina, nyuma ya gereji, hatua chache kutoka barabara ya Nairobi. Ilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha kuimbia kilibandikwa trei za mayai ukutani, na juu yake mablanketi mazito ya kijivu, na chini palikuwa na zulia jekundu lililonuka vumbi na jasho la kila kwaya iliyowahi kusimama pale. Chumba cha mitambo kilikuwa kidogo, chenye dirisha la vioo viwili la kutazamia waimbaji, meza ya kuchanganyia sauti, mashine ya kanda kubwa, na raki ya chuma ambamo vifaa vilipangwa kimoja juu ya kingine kama masufuria kwenye kabati. Basi la Namanga likipita, tulisimama. Mafundi wa gereji wakianza kugonga bodi ya gari, nilitoka mlangoni nikawaomba, "Jamani kaka zangu, tunarekodi," nao wakaweka nyundo chini, wakawasha sigara, wakasikiliza kwaya bure. Saa nne tulikunywa chai ya maziwa na chapati kutoka kwa mama wa jirani, na Bwana Shedrack hakuruhusu kikombe kukaribia mitambo hata siku moja. Tulikunywa tumesimama uani, mlima ukiwa wazi mbele yetu, na kila asubuhi alisema mawingu yakishuka kufika mahali fulani kwaya hazitakuja kwa sababu ya matope. Mara nyingi alipatia.

Katika raki ile kifaa nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa ikwalaiza. Asiyeijua namweleza hivi: ni sanduku pana la bapa lenye safu mbili za vishikio vidogo vya kusukuma juu na chini, safu moja ya sauti ya kushoto na nyingine ya kulia. Sisi tuliviita meno. Meno ya upande mmoja yanashika sauti nzito, yale ya ngoma na kifua. Ya katikati yanashika maneno. Ya mwisho yanashika ile milio ya juu kabisa, ya "s" na ya njuga. Ukisukuma jino juu, sehemu hiyo ya sauti inaongezeka, ukishusha, inapungua. Yakiwa yote katikati, mstari umenyooka, sauti inapita kama ilivyo. Bwana Shedrack alinifundisha kwa kunigeuza niangalie ukuta, akacheza wimbo, akagusa jino moja, akaniuliza ameshusha nini. Nikikosea alicheka, akarudia. Nikipatia alisema, "Hilo sikio usilipeleke Dar, litaibwa." Sitaki mtu aseme namchukia, mwalimu bora kuliko yule sijapata tena, na nimekaa kwenye kazi hii mpaka nywele zimebadilika rangi. Ndiye aliyeniambia, "Ansila, mashine hii ni ya kuondoa uchafu. Mngurumo wa basi, mlio wa feni, mtu aliyebana maiki. Mtu mwenyewe humwondoi." Ni maneno yake, si yangu. Na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, kwa sababu mtu asiyejua anasamehewa, lakini yeye alijua.

Kwaya ya Mama Lazaro ilikuja baada ya mvua kubwa. Waliteremka kwenye pikapu wakiwa wamevaa sare za kijani chini ya makoti, akina mama wawili wamebeba ndoo ya loshoro iliyofunikwa kwa kanga, ndizi na mahindi yaliyopondwa na maziwa ya mgando, kwa sababu walisema chakula cha mjini kinakausha koo. Mwenyekiti wa kwaya alitangulia, mtu mnene mwenye koti la suti, akanipita kana kwamba mimi ni kiti, akamsalimia Bwana Shedrack. Mama Lazaro ndiye aliyesimama. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba binti yangu. Wewe ndiye fundi?" "Nasaidia, mama." Akanitazama mikono, akasema, "Mikono ya fundi hiyo," akaingia ndani. Alikuwa mrefu, mabega mapana, na alipoongea tu ulisikia sakafu ikivuma.

Wimbo wa Hajiri aliutunga mwenyewe. Kwaya nzima ilijua alivyoutunga, nami nilikuja kuambiwa: alirudishwa kwao na mume akiwa na Lazaro mgongoni, akakaa mwaka mzima kwa kaka zake bila kusema na watu, na alipofungua mdomo alifungua na wimbo ule. Beti za Kiswahili, kiitikio cha Kimaa. Nilimvalisha hedifoni, nikamsogezea maiki, nikarudi kwenye chumba cha mitambo. Alipoanza kuimba nilisahau kuangalia mita za sauti. Ilikuwa sauti ya chini mno, chini kuliko ya wanaume waliosimama nyuma yake, lakini haikuwa ya kiume hata kidogo. Ilikuwa ya mama aliyemkalisha mtoto chini ya kichaka na kwenda kando ili asimwone akifa. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo mahali pa kuvuta pumzi, na ilipofika kwenye jina la mtoto ilishuka zaidi, hata nikahisi kiti kikitetemeka. Mkono wangu ulikuwa karibu na ikwalaiza. Bwana Shedrack, amefumba macho, akasema polepole, "Usiguse kitu. Hata jino moja." Meno yote yalikuwa katikati. Tulirekodi mara moja, na mara moja ilitosha.

Halafu wakaenda kula. Kwaya nzima ilikuwa uani na loshoro yao, nawasikia wakicheka, na mimi nilibaki kwenye mitambo nakunja nyaya, hedifoni ikiwa shingoni. Maiki ya chumba cha kuimbia ilikuwa bado wazi. Mwenyekiti na Bwana Shedrack waliingia mle, wakafunga mlango, na maneno yao yakanijia shingoni madogo madogo lakini safi. Nilivaa hedifoni. Mtu anayetaka kunilaumu kwa hilo na anilaumu.

"Wimbo mzuri," Mwenyekiti alisema, "lakini sauti ile hapana."

"Hapana kivipi?"

"Ya kiume. Kanda itafika Moshi, itafika Dar. Watu watauliza, huyu Hajiri ana ndevu?" Akacheka. Bwana Shedrack naye akacheka, kidogo, kama mtu anayelipa heshima.

"Ndivyo alivyo, Mwenyekiti. Na amepatia."

"Amepatia nini? Besi ya kwaya hii naiongoza mimi. Akiimba yule mama nani anatusikia sisi? Ningempa mwingine wimbo, lakini yeye ndiye anaujua. Si una mashine wewe? Mlainishe awe mwanamke." Nikasikia kiatu kikisugua zulia. "Zipo kwaya nyingine kule juu," Mwenyekiti akaendelea, taratibu sasa, "zinasubiri kuona sisi tumerekodi wapi."

Nilisubiri Bwana Shedrack aseme yale aliyonifundisha. Nilikuwa na hakika atayasema. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba mtu akijua kitu, basi atakifanya.

"Tutamlainisha," akasema.

Hapa ni lazima nieleze jambo moja ili lililotokea baadaye lieleweke. Kanda kubwa ilikuwa imehifadhi sauti yake kama alivyoiimba. Kazi iliyobaki ilikuwa kuihamisha kwenye kanda ya mwisho, ile ambayo ingekwenda kunakiliwa kwenye kaseti za kuuza, na ikwalaiza ilikaa njiani kati ya kanda hizo mbili. Bwana Shedrack aliingia siku ya kazi hiyo akiwa hajanywa hata chai. Akasimama nyuma yangu. "Ansila, shusha meno ya chini."

"Kuna mngurumo, bosi?"

"Shusha."

"Si ulisema tusiguse?"

"Hayo yalikuwa ya siku ile."

Nikamwambia nimeyasikia maneno yao. Hakushtuka, alikasirika, jambo ambalo ni baya zaidi. "Wewe ni fundi au mchungaji?" Nikaweka mikono mapajani. Akainama juu ya bega langu akaanza kuyashusha mwenyewe, na kwa kuwa mashine ilikuwa na safu mbili alianza na ya kushoto. Kwa muda mfupi, kabla hajafika kwenye safu ya pili, sikio langu la kushoto lilikuwa na kopo na sikio la kulia lilikuwa na Mama Lazaro. Upande mmoja alikuwa mzima, kifua, pumzi, mkwaruzo. Upande wa pili alikuwa mtu mwingine anayeimba kutoka ndani ya debe. Halafu akashusha na safu ya kulia, na akafa kote kote. Akapandisha meno ya juu apate utamu, akaongeza mwangwi wa kufunika jeraha. Alikuwa fundi kweli. Hata kuharibu aliharibu vizuri.

Siku ya kusikilizishwa, kwaya walikuja wengi kuliko chumba. Wengine walikaa kwenye zulia, wengine walisimama mlangoni, nje mafundi wa gereji wameegemea ukuta. Mama Lazaro alipewa kiti. Kanda kubwa ikazunguka, sauti ikipita kwenye ikwalaiza kabla ya kufika kwenye spika, wimbo ukaanza, na Mwenyekiti akatingisha kichwa kwa furaha tangu neno la kwanza. Mama Lazaro alisikiliza ubeti mmoja mzima. Akamgeukia jirani yake akauliza, "Huyo ni nani?"

Watu wakacheka, wakidhani anatania. "Ni wewe, Mama Lazaro!"

"Mimi?" Akasikiliza tena kidogo. "Hapana. Huyo hajala."

Wakacheka zaidi. Mimi nilikuwa namwona uso, na usoni hakuwa na utani. Aliangalia spika kama mtu aliyefika nyumbani kwake akakuta mlango umefunguliwa na mgeni. Bwana Shedrack akasema mashine huwa zinabadilisha kidogo, mama, ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Huo ulikuwa uongo. Alimdanganya mbele yangu, mimi niliyefundishwa naye.

Pembeni ya ikwalaiza kuna kitufe kidogo. Ukikibonyeza, sauti inaikwepa mashine, inapita pembeni bila kuguswa. Tulikiita mchepuko, na vijana wa siku hizi wakisikia hivyo hucheka kwa sababu neno limepata kazi nyingine. Nilinyoosha mkono nikakibonyeza.

Sijui niieleze vipi. Ni kama mtu mzima alisimama katikati ya chumba. Vicheko vilikatika. Mama mmoja mzee wa sauti ya pili akaweka mkono mdomoni. Mlangoni fundi wa gereji akasema, "Eeh! Huyo sasa." Mama Lazaro akanyoosha kidole kwenye spika akasema, "Mimi ni yule," na akina mama wote wakaanza kuongea kwa pamoja, Kimaa na Kiswahili, na mmoja akapiga kigelegele. Bwana Shedrack alinishika kifundo cha mkono akanivuta, akakirudisha kitufe, na yule mwingine, yule wa debe, akaendelea na ubeti wa mwisho kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Nani ameamua?" Mama Lazaro aliuliza.

"Uongozi," alijibu Mwenyekiti.

"Basi nitoeni humo. Wimbo wangu nitabaki nao."

"Wimbo ni wa kwaya, Mama Lazaro. Umeuimba na sare ya kwaya." Akawatazama mmoja mmoja wale akina mama waliokuwa wanaongea, na mmoja mmoja wakanyamaza. Nimewafikiria sana. Walikuwa na waume kwenye vikao, na watoto wa kubatizwa, na wafu wa kuzikwa. Najua kwa nini walinyamaza. Kujua hakujanipunguzia hasira.

Nilifukuzwa mchana huo. Bwana Shedrack hakupiga kelele, alisema tu studio haiwezi kuwa na mabosi wawili. Wiki chache baadaye nilirudi kumwomba kitu kimoja: anirekodie kaseti moja, moja tu, kutoka kwenye kanda kubwa, mchepuko ukiwa umebonyezwa, nimpelekee mama mwenyewe. Nilimkuta anachanganya muziki wa bendi ya vijana. Alikuwa mpole. Aliniuliza nimepata kazi wapi. Halafu akaionesha kanda iliyokuwa inazunguka kwenye mashine, magitaa na ngoma vikilia, akasema, "Ndiyo hiyo hapo, Ansila. Kanda ni ghali. Nimerekodia juu yake." Alisema kama mtu anayekuambia amehamisha viti. Kwa hiyo mtu asiniulize, kama alivyoniuliza mjukuu mmoja nilipokuwa naondoka msibani, kama sauti ya kweli ipo mahali. Haipo. Kilichobaki duniani ni ile ya debe, na aliyeitengeneza anapigiwa makofi.

Kaseti iliuzwa. Niliisikia kwenye saluni, niliisikia kwenye duka la mbolea, na kwaya ikaanza kualikwa. Mwishoni mwa mwaka palikuwa na mkutano mkubwa wa kwaya kwenye uwanja mmoja Engutoto, jukwaa la mbao, turubai, spika za kukodi. Siku hizo ndipo ulipoingia mtindo wa kwaya kusimama jukwaani na kuchezesha midomo huku kanda ikiimba kwenye spika. Mama Lazaro alikuwa amekataa kuimba kwenye mialiko yote iliyotangulia. Safari hii alikubali, na Mwenyekiti akatangaza kwa furaha kwamba Hajiri mwenyewe yupo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye majani, katikati ya watu, nikila karanga, na moyo uliniuma kumwona anapanda ngazi na sare yake. Nilidhani wamemshinda.

Alipewa maiki. Kwaya ikajipanga nyuma yake, ikaanza kuyumba kushoto na kulia. Fundi mitambo akafungulia kanda, kinanda kikalia, na ile sauti nyembamba ikaanza kuimba uwanja mzima. Mama Lazaro hakufungua mdomo. Alisimama wima, maiki ameishusha ubavuni, midomo ameifunga kabisa, anatutazama. Sauti ikaimba ubeti wa kwanza, na yeye kimya. Watu walio mbele wakaanza kunong'onezana. Kwaya nyuma yake ilizidi kuyumba na kuchezesha midomo, maana hakuna aliyejua afanye nini, na Mwenyekiti, uso umemvimba, akamsogelea akamwambia kitu sikioni. Hakugeuka. Ubeti wa pili, kimya. Kiitikio, kimya. Watoto wakaanza kucheka; mzee mmoja karibu yangu akauliza, "Sasa anayeimba nani?" Swali hilo likapita kwenye majani kutoka mtu hadi mtu mpaka likafika kwenye waliokaa vitini. Wimbo ulicheza mpaka mwisho, pamoja na mwangwi wake wote, na hakuna mtu duniani aliyekuwa anauimba.

Kanda ilipokwisha aliinua maiki. "Mmemsikia huyo," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile spika zile zilitoa kitu kizito. "Mimi simfahamu. Mkitaka kunisikia mimi, zimeni mashine niimbe."

Hawakuzima. Fundi akaikata maiki yake, mshereheshaji akaita kwaya nyingine haraka haraka, na Mama Lazaro akashuka ngazi peke yake. Baadaye walimsimamisha kwaya kwa utovu wa nidhamu, na alikaa nje miaka kabla ya kurudi, na hata aliporudi walimweka mstari wa nyuma. Hayo pia hayakusemwa msibani.

Nilitupa karanga nikamkimbilia. Nilimkuta nyuma ya jukwaa anavua viatu vya sare, anavaa malapa. Nilitaka kumwambia maneno mengi, lakini nikaanza kulia kama mtoto. Akanishika bega. "Unalia nini, Ansila? Umeona Mwenyekiti alivyokuwa anachezesha mdomo?" Akaiga, akapanua midomo kama samaki, akanitolea macho. Nikacheka huku nalia. Akanishika mkono tukaanza kutembea kutoka uwanjani, na yeye akaanza kucheka sasa, kwanza polepole, halafu kwa kifua chote. Mbele yetu palikuwa na wanaume wawili wanaozungumza. Wakasimama wote wawili, wakageuka, wakatutazama mimi na yeye, kisha wakatazama nyuma yetu, wakimtafuta mwanaume anayecheka.